Kipele cha Rangi Kisikudanganye

Gari langu limepitia mikono mingi kabla ya kufika kwangu, na kila aliyelimiliki ameniachia kiraka chake. Safari hii zamu imefikia lile bati linalopita chini ya mlango wa dereva. Rangi ilikuwa imefura vipele vidogo, wala havitishi kwa macho. Nikakidunga kimoja kwa bisibisi. Ikazama mpaka kwenye mpini.

Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndiyo maana rangi husukumwa nje. Ukiona kipele, mara nyingi ndani kumeshaliwa. Kupitisha msasa juu juu na kupaka rangi mpya ni kujipaka manukato bila kuoga.

Nilipolikata bati kwa grainda nikakuta filla nene, ile lipu ya kusawazisha bati, ya fundi fulani wa zamani, na nyuma yake matope yaliyoziba matundu ya kutolea maji. Basi maji yakiingia hayatoki. Filla yenyewe hunyonya unyevu, kwa hiyo aliyeipaka juu ya kutu aliifungia kutu humo pamoja na maji yake. Kazi ya namna hiyo hupendeza siku ya kuuza gari tu.

Nikaendelea kukata hadi chuma king'avu. Wengi huingiwa na huruma hapa, maana tundu linazidi kukua, lakini bati lililokonda halichomeleki; moto ukiligusa linatoboka. Kiraka nilikipima kwanza kwa kadibodi, kisha nikakikata kwenye bati la milimita 1. Nikafungua nyaya za betri na kung'oa kapeti, kwa sababu kapeti hushika moto upande usiouona. Nikachomelea nukta nukta, moja huku, nyingine mbali kule, nikiacha bati lipoe. Ukivuta mshono mrefu kwa mkupuo mmoja, bati hujikunja, na kulinyoosha ni adhabu.

Kusaga, praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga chuma), filla nyembamba, msasa, rangi: hayo mnayajua. Ninachokiamini zaidi hakionekani. Ni nta ya kuzuia kutu, niliyoipuliza ndani kwa mpira mwembamba baada ya kuchomelea kwisha kabisa, maana nta huwaka. Halafu nikapitisha waya kwenye matundu ya kutolea maji ya milango yote. Wa nyuma ulinimwagia maji hadi kwenye kiwiko, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.