Hesabu ilivyotusaidia kujenga mtambo wa maji bila shabu

Mto tuliopewa, huko mkoani Morogoro, ni mzuri kiangazi, lakini masika tope lake hupanda hadi mamia ya NTU, yaani kipimo cha uchafu unaotia maji ukungu. Chujio la mchanga la polepole halihitaji umeme wala dawa, ila maji yakizidi NTU 20 hivi linaziba upesi. Pendekezo lililokuwa mezani ni shabu, dawa inayogandisha tope ili lituame kabla ya kufika kwenye chujio. Ujenzi wake ni rahisi, lakini wanakijiji wangeinunua mwaka hadi mwaka, tena kwa barabara isiyopitika masika. Mimi nilitaka machujio ya kokoto yatangulie. Sasa yawe na urefu gani?

Mwaka 1937 Iwasaki, mhandisi wa Kijapani, alionyesha kwamba kila kipande cha chujio, kikiwa bado safi, hunasa sehemu ileile ya tope linalokifikia. Mita ya kwanza ikishusha NTU 200 hadi 100, ya pili itafikisha 50, ya tatu 25. Saruji ya mita ya tatu ni ileile ya mita ya kwanza, lakini kazi yake ni robo tu. Pesa nyingi hupotelea hapo.

Kiwango cha unasaji lazima kipimwe kwenye mto wenyewe, maana kila mto una udongo wake. Tulijaza kokoto za saizi tatu kwenye mabomba ya PVC, tukapitisha maji ya masika, tukapima tope juu na chini. Udongo ule ni laini mno: ndoo ikilala usiku kucha, asubuhi maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Kokoto kubwa zilinasa mchanga, kisha basi.

Vipimo hivyo nikaviingiza kwenye Excel pamoja na bei za kokoto, kuta na uoshaji, nikaweka sharti moja: siku mbaya kuliko zote maji yatoke chini ya NTU 20. Gharama za miaka 20 nikazirudisha kwenye thamani ya leo. Jibu likawa kufupisha chemba ya kokoto kubwa na kurefusha ya kokoto ndogo. Kujenga kulizidi shabu kwa bei, ila kwa miaka yote 20 kokoto zilikuwa nafuu kwa mbali.

Mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji akauliza nani atakayeziosha. Swali zuri sana. Nikaongeza posho ya mwendeshaji na valvu kubwa ya kutolea tope chini ya kila chemba, nikapiga hesabu upya. Kokoto bado zilishinda.