Tulivyoinyoosha mizani ya ufuta kijijini kwetu

Ukimuuliza mkulima wa ufuta wa huku Lindi kwa nini miaka ile tuliuza kwa bei ya kutupa, atakwambia wanunuzi walikuwa wachache. Ni kweli, lakini hata wangejaa uwanja mzima, kilo zetu zilikuwa zinaliwa kwenye kipimo kabla bei haijatajwa. Kwa hiyo nilipochaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Desemba 2014, nilianza na mikutano na vipimo. Bei niliiacha kwanza.

Tuliuza kwa chomachoma. Mchuuzi anafika na pikipiki ufuta ungali umesimamishwa shambani kukauka, anakukuta na mtoto anayedaiwa michango ya shule, anapima kwa sado na kuijaza mpaka inakuwa na kilima juu. Kile kilima halipii. Bei anaitaja yeye, na wewe huna wa kumlinganisha naye.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Kwetu ulikuwa hauitishwi. Nilipita vitongojini na wazee wawili pamoja na mama mmoja anayeheshimika sana, tukaandika barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, na nakala yetu tukahakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ule muhuri ndio uliofanya kazi. Ombi la mdomo husahaulika, lakini barua yenye muhuri lazima mtu aijibu. Mkutano uliitishwa, hesabu zikasomwa na kubandikwa ubaoni.

Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikafuta ushuru kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Huku chini habari ile haikufika na wepesi uliotarajiwa, na kwenye kizuizi cha ushuru barabarani watu waliendelea kudaiwa. Tuliiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, tukaibandika mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Akina mama wenye gunia mbili tatu za mahindi walianza kupita wakiwa wanajua cha kujibu.

Kisha ufuta ukaingizwa kwenye stakabadhi ghalani. Unapeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, unapimiwa, unapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani kwa zabuni, na wakulima wanakubali bei au wanaikataa. Niliufurahia utaratibu huu tangu mwanzo, kwa sababu kwa mara ya kwanza mnunuzi hakujua mwenzake ameandika ngapi. Lakini mizani ya chama ilikuwa na manung'uniko. Mtu anapima nyumbani, akifika pale kilo zimepungua, na bado anakatwa kilo ya gunia na nyingine ya unyaufu, yaani uzito unaopotea mzigo ukizidi kukauka.

Chama cha ushirika si mali ya serikali ya kijiji, kina mkutano wake, kwa hiyo nilisimama kama mwanachama. Tulikuwa tunajenga darasa, saruji ipo stoo. Vijana wakabeba mfuko mmoja ambao haujafunguliwa, kilo 50 zimeandikwa ubavuni, wakauweka juu ya mizani mbele ya foleni nzima. Ikasoma 47.

Katibu akaniambia, "Mjumbe, unatuaibisha."

Nikamjibu, "Ndugu katibu, hata wewe una ufuta wako hapa. Unaibiwa pamoja na sisi."

Hakuna aliyepiga kelele. Upimaji ulisimama siku ile, ofisa ushirika akaarifiwa, na Wakala wa Vipimo wakaja kuirekebisha mizani na kuibandika stika. Tangu hapo kila msimu tunachagua wakulima wawili wa kusimama mezani: mmoja anasoma mizani, mwingine anaandika kwenye daftari letu, na jioni madaftari mawili yanalinganishwa. Makato yote yanabandikwa ukutani kabla ya gunia la kwanza kupimwa. Ushindani wa mnada ulianza kutufikia mfukoni baada ya hapo. Nyumba za bati zimeongezeka, na wanaoweza kukodi trekta nao wameongezeka.

Chomachoma haijaisha, na simlaumu anayeiendea. Malipo ya mnada yakichelewa, mgonjwa hasubiri. Sasa tunapambana na hilo. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimekubali kumkopesha mwanachama anayeonyesha stakabadhi, hadi nusu ya thamani ya mzigo wake kwa bei ya mnada uliopita, naye analipa fedha zake zikiingia. Mfuko wa kikundi bado ni mdogo, hivyo tunaanza na wenye wagonjwa na wenye wanafunzi.