Breki za Morris Minor na Land Rover kongwe: disiki zisubiri

Mwenye Morris Minor akipata pesa kidogo, fikra ya kwanza huwa breki za disiki mbele, zile za sahani inayobanwa na pedi. Mwenye Land Rover Series yeye huota busta, kifaa cha kuusaidia mguu kukanyaga breki. Nionavyo, wote wawili wanaezeka kabla ya kujenga ukuta. Dramu, yaani breki za duara la chuma linaloshikwa kwa ndani na viatu, zikiwa sawasawa zinaisimamisha Minor vizuri kwa mwendo wa barabara zetu za Unguja, kutoka Mjini hadi Nungwi. Zinazoshindwa ni dramu zilizokwisha kuliwa, silinda zenye kutu na mafuta yaliyomo tangu gari ilipopigwa rangi mara ya mwisho.

Basi tuanze na mafuta, maana kisiwani ndipo penye balaa. DOT 3 na DOT 4, yaani mafuta ya breki ya kawaida, hunywa maji kutoka hewani, hata kupitia kwenye mipira ya breki. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanywa maji hadi kipimo cha majaribio, karibu asilimia 3.7, kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Hapo breki zikipata moto, mathalani kwenye mteremko wa Pemba na gari ina mzigo, maji hugeuka mvuke na pedali huzama. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Maji hayo hayo huketi chini ya silinda na kuichimba chuma. Kwa hewa ya bahari namna hii, badilisha mafuta yote kila mwaka. Lita moja inatosha gari nzima na kubaki.

Usitie mafuta ya injini wala ya giaboksi, hata kidogo cha kuongezea tu: raba huvimba na breki zote hukamata. Raba na silinda zioshwe kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe, si kwa petroli wala mafuta ya taa. Najua karakana nyingi zina kopo la mafuta ya taa karibu kuliko kitu chochote. Lisogezwe.

Mabomba ya chuma huoza kutoka nje, hasa chini ya vibanio vinavyoyashika kwenye bodi, mahali mchanga na chumvi vinapojificha. Yakibadilishwa, chukua ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, kipenyo cha inchi 3/16. Shaba tupu hukunjika kirahisi na fundi huipenda kwa hilo, lakini mtetemo huifanya ngumu na mwisho hupasuka kwenye shingo ya nati. Na hapa pana mtego: nati za gari hizi za Kiingereza nyingi ni inchi 3/8 zenye meno 24 kwa inchi, na zilizojaa madukani ni za gari za Kijapani, milimita 10 kwa meno ya milimita 1. Ukizitazama ni pacha. Nati ya milimita ndani ya tundu la inchi hukwama na kula meno. Nati ya inchi ndani ya tundu la milimita huingia kwa ulegevu, huonekana imekaza, halafu hutoka siku utakapokanyaga kwa nguvu. Pima kwa kipimo cha meno kabla ya spana. Mipira ya mbele nayo ibadilishwe: mpira mkongwe huvimba kwa ndani, mafuta yakapita kwenda yasirudi, na gurudumu moja likabaki limeshikwa.

Masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, kwa Minor imefichwa ndani ya fremu chini ya miguu ya dereva, na kifuniko chake hufikiwa kwa kuinua zulia. Kila ukikifungua, mchanga wa ufukweni uliojaa chini ya zulia unangoja kuanguka ndani. Seti ya kuhamishia tangi la mafuta juu, kwenye chumba cha injini, ni mabadiliko madogo yenye faida kubwa: utaona kiwango kila ukifungua boneti, na mchanga hauna njia. Kuitoa masta yenyewe ni kazi ya kuudhi. Boliti zake mbili ndefu hazitoki kwa sababu fito ya chuma inayofanya kazi ya springi ya mbele imepita mbele yake. Fito hiyo inabeba uzito wa gari, kwa hiyo ondoa mzigo kwanza, tia stendi imara, ndipo uisogeze chini. Wakati wa kurudisha, ingiza boliti kwa upande wa pili. Atakayekuja baada yako atakuombea dua.

Kosa linalorudiwa sana baada ya hapo ni kuondoa mchezo wa pedali ili pedali iwe juu. Lazima ibaki nafasi ndogo kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta. Isipokuwepo, pistoni hairudi mwisho na kitundu cha kurudishia mafuta tangini hubaki kimezibwa. Breki zikipata joto mafuta hutanuka, hayana pa kwenda, viatu hukaza vyenyewe, joto huzidi. Gari husimama njiani magurudumu yananuka, ikipoa inakwenda kama kwamba hapakuwa na kitu.

Dramu zipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma zote mbili za ekseli moja, zikerezwe kipimo kimoja. Kwa Land Rover usizidishe kipenyo zaidi ya milimita 0.75, ikiwa bado zina mikwaruzo, tafuta nyingine. Kiatu kipya hakitagusa dramu kote, kwa hiyo paka chaki ndani ya dramu, zungusha, angalia kinagusa wapi, ukisage hapo. Viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto: usipulize vumbi kwa kompresa, lowesha kwa maji.

Minor iliyotangulia injini ya sentimita za ujazo 1098, yaani kabla ya 1962, ina dramu za mbele za inchi 7. Kutia za inchi 8 za gari hiyo ya baadaye ndilo boresho ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu kila kitu ni cha familia moja. Kwa Land Rover fupi, ya inchi 88 kati ya ekseli, mfano wake ni kuhamisha breki za mbele za inchi 11 kutoka ile ndefu ya inchi 109: sahani zinazoshikilia viatu, viatu, silinda na dramu. Ukubwa wa masta ulingane na silinda mpya. Ndogo mno pedali hushuka hadi chini, kubwa mno huwa ngumu kama jiwe.

Breki hizo za 109, kama za mbele za Minor, zina viatu viwili vinavyovutwa na mzunguko wa dramu gari ikienda mbele. Ikirudi nyuma faida hiyo hupotea. Ukishuka kinyumenyume kwenye ngazi ya boti yenye utelezi, utakanyaga zaidi ya ulivyozoea. Tena breki ya mkono ya Land Rover Series hushika shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari inaweza kuondoka. Tia vigingi kwanza.

Busta haiongezi breki. Inapunguza nguvu ya mguu tu. Dramu ikiwa si ya duara, busta itakutikisa kwa urahisi zaidi. Kinachostahili pesa kabla yake ni masta ya njia mbili, ili bomba moja likipasuka ubaki na magurudumu mawili.

Sasa disiki, kwa anayezitaka kweli. Seti za Minor zinazotumia vipande vya gari ya Morris Marina zinauzwa Uingereza. Masta ya Minor iko chini kuliko kalipa, kipande kinachobana disiki, hivyo mafuta hushuka na pedali hukanyagwa mara mbili kabla ya kushika. Njia ya disiki inataka vali ya kubakiza shinikizo la pauni 2 kwa inchi mraba. Vali ya zamani ya dramu hubakiza zaidi ya hapo na pedi zitasugua daima, iondolewe. Breki za nyuma zinaweza kuhitaji silinda ndogo zaidi, la sivyo wakati wa masika nyuma hukaza kwanza na gari huzunguka. Na gari inayolala wiki nzima karibu na bahari, disiki zake hushika kutu na pistoni za kalipa hukwama.

Kutoa upepo kwenye mafuta baada ya kazi: kaza virekebishi vyote vya dramu, vinavyosogeza viatu, hadi magurudumu yasizunguke, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, kisha legeza kila kirekebishi kijino kimoja. Mbele ya Minor viko viwili kila gurudumu, nyuma kimoja. Kikisahauliwa kimoja cha mbele, gari huvuta upande.