Daftari la milo ya kila siku: wiki ya 11

Daftari limefika ukurasa wa 74. Sharti langu bado ni lile lile: pilau, biriani na vyakula vyote vya shughuli havimo. Naandika tunachokula siku isiyo na mgeni wala sikukuu, hapa nyumbani Tanga na popote ninapolala nikiwa safarini. Vya harusini vina picha na vina wa kuvisimulia. Bada la Jumanne usiku, lililosongwa kwa unga wa muhogo na kuliwa kwa mchuzi wa papa, nisipoliandika mimi litasahaulika kabla ya Ijumaa.

Kazi kubwa ya wiki hizi imekuwa mbaazi za nazi. Nilipopekua nyuma nikakuta nimeziandika mara sita, na mara zote sita ni hivi: "mbaazi, nazi, kitunguu, chumvi". Hakuna awezaye kupika kwa maneno hayo. Basi nikakaa jikoni na bibi tangu usiku wa kuziloweka.

"Bibi, maji kiasi gani?"

"Yapite mbaazi vidole viwili, mjukuu wangu."

Nikaandika vidole viwili. Baadaye nikapima kwa rula vidole vyake mwenyewe: sentimita 3. Nimeviacha vipimo vyote viwili, maana rula haipo kila jikoni.

Asubuhi mbaazi zikachemshwa mpaka zikaminyika kwa kidole. Nazi mbili zikakunwa kwenye mbuzi, zikachujwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, lile zito, likawekwa kando. Jepesi likaingia sufuriani pamoja na kitunguu, pilipili mbichi na manjano kidogo. Zito likaja mwisho kabisa, na hapo ndipo nilipokuwa nikikosea siku zote. Mimi hulimimina, nikafunika, nikaenda zangu. Nikirudi tui limekatika, mafuta juu, maji chini. Bibi alipunguza moto, akashika upawa, akawa anateka na kumimina, anateka na kumimina, hakuinua macho mpaka lilipochemka taratibu. Nilihesabu dakika 7. Sentensi hiyo ya upawa nimeipigia mstari kwa wino mwekundu.

Jumatano nikapanda basi kwenda Same. Muheza nikanunua machungwa dirishani, nayo nimeyaandika, kwa kuwa hicho ndicho kilikuwa chakula changu mpaka Mombo.

Same nililala kwa mama mmoja anayefahamiana na shangazi yangu. Akatenga makande: mahindi yaliyokobolewa na maharage, yamechemshwa tangu mchana kwa magadi kidogo ili yalainike, kitunguu, chumvi, basi. Pembeni bakuli la maziwa mgando. Sisi wa pwani makande bila nazi huyaona kama hayajamaliza kupikwa, na nilishika kijiko nikiwa na wazo hilo. Nilikosea. Nazi isipokuwepo utamu wa mahindi yenyewe hujitokeza, na ule uchachu wa maziwa huukata unga wa maharage vizuri sana. Niliongeza mara mbili. Mama mwenyeji alifurahi kuona naandika, akanirekebisha: magadi yawekwe maji yakishachemka, siyo mwanzoni.

Niliporudi niliyapika vile vile. Shangazi akaonja, akanyamaza, akaenda kukuna nazi. Nayo yalikuwa mazuri! Kwa hiyo kurasa za 72 na 73 zinatazamana: kushoto makande ya Same, kulia ya shangazi, na katikati nimeacha nafasi ya atakayetaka kuandika yake.

Mwisho wa mwezi nitavuka Horohoro kwenda Mombasa, ambako mbaazi ni chakula cha asubuhi kwa mahamri. Nitaamka mapema nimkute mpishi kabla hajatia tui zito.