Vipande Vilivyobaki

Wapendwa katika Bwana, Yesu Kristo asifiwe. Wiki hii naomba tusome Marko 6:30–44, na tusome polepole, kwa sababu wengi wetu tumezoea kuianzia habari hii pale inapotajwa mikate mitano na samaki wawili, tukauruka mwanzo wake. Inaanza na watu waliochoka. Mitume wamerudi kutoka walikotumwa wawili wawili, Yohana Mbatizaji ameuawa, na watu wanakuja na kuondoka kwa wingi kiasi kwamba hata nafasi ya kula haipatikani. Ndipo Bwana anapowaita waende naye mahali pa faragha, wakapumzike kidogo.

Neno hilo "kidogo" limenikaa moyoni tangu nilipokwenda kwenye mafungo ya kushona, siku tatu, pamoja na dada watatu wa ushirika wetu hapa Lancaster, Pennsylvania, nchini Marekani. Kilichoshonwa ni kile ambacho kamusi zetu hukiita mfarishi, ingawa sijapata kumsikia mtu akilitamka neno hilo, na sisi tulisema tu blanketi la viraka. Lina tabaka tatu: uso ulioungwa kwa vipande vingi vya kitambaa, pamba ya kutia joto katikati, na kitambaa cha mgongo, kisha zote tatu hushikanishwa kwa mishono inayopenya mpaka upande wa pili. Akina mama wa Kimennonite na wa Kiamishi, madhehebu mawili ya Kikristo, wa kaunti hii wameifanya kazi hiyo kwa vizazi, na mablanketi yao mengi huwafikia wakimbizi kupitia Mennonite Central Committee, shirika lililoanzishwa mwaka 1920 wakati wa njaa kule Urusi na Ukraine. Ni kanisa la huku huku lililowatuma wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, kwa hiyo mwenzetu mmoja mzaliwa wa Musoma hupenda kusema kwamba hapa yuko kwa babu zake wa imani.

Nakiri kwamba neno kiraka lilinichoma kidogo. Nilisoma shule ya msingi nikiwa na sketi yenye kiraka nyuma, na waliosoma hivyo wanajua kwa nini mtu hujifunza kutembea wa mwisho kwenye mstari. Kiraka nilichokijua mimi huziba tundu. Huku nilikuta hakuna tundu lolote linalozibwa, viraka ndivyo nguo yenyewe.

Nilikuwa nimetarajia utulivu, Biblia mapajani na chai isiyopoa. Nikakuta ukumbi wenye cherehani zaidi ya kumi zikinguruma kwa pamoja, pasi mbili zisizozimwa, na bibi mmoja wa makamo aliyetufundisha kukata vipande vya mraba vya inchi tatu na nusu, tisa kwa kila fungu, tukiunga kwa kuacha ukingo wa robo inchi. Mimi, ambaye nimeshona nguo za kwaya kwa miaka mingi, sikuona haja ya kupima ukingo. Jioni bibi yule aliweka rula juu ya mafungu yangu, ambayo yalipaswa kuwa na inchi tisa na nusu, nayo yalikuwa na tisa kamili. Kosa la upana wa nyuzi kadhaa katika kila mshono lilikuwa limekula nusu inchi nzima. Hakusema neno, akanisogezea kisu kidogo cha kufumulia, na ule muda niliouombea mapumziko niliutumia kufumua.

Wakati nafumua ndipo nilipoirudia habari ya Marko. Mitume waliahidiwa mapumziko, lakini watu waliwaona wakiondoka, wakaenda mbio kwa miguu, wakawatangulia kufika. Mapumziko yao, ukiyapima, yalikuwa na urefu wa safari ya mashua tu. Nimesikia mahubiri yanayosema kwamba pumziko lile lilipotea, na sikubaliani nayo. Mimi pia nilikuwa nimetaka pumziko la jora zima, lisiloguswa na mkasi, na kwa sababu hiyo nilikuwa karibu kuvidharau vipande nilivyopewa. Marko peke yake ndiye anayetaja kwamba majani waliyoketishiwa watu yalikuwa mabichi, kana kwamba mmoja wa waliochoka wale, katikati ya kugawa mikate, alitazama chini akayaona. Kisha vikajazwa vikapu kumi na viwili, na Yohana 6:12 anatueleza kwamba Bwana mwenyewe ndiye aliyeagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu chochote. Waliovikusanya ni wale wale ambao mwanzoni hawakupata nafasi ya kula.

Usiku wa Jumamosi tulibaki wanne mezani. Dada mmoja, ambaye mama yake alizikwa Tanga mwaka jana naye asiweze kusafiri, alikuwa amekuja na khanga ya marehemu, na kwa siku mbili alikuwa ameikunja na kuikunjua bila kuitia mkasi. Jina la khanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lilisomeka WEMA HAUOZI. Hakuna aliyemshauri. Mmoja wetu alianza kuimba tenzi kwa sauti ya chini, nasi tukaitikia huku tukiendelea kushona, na tulipofika ubeti wa tatu tulisikia mkasi ukipita kwenye kitambaa. Alikata mji, ile sehemu ya katikati, akakata pindo la pembeni, na alipofika kwenye jina alikuta halitoshi katika mraba wa inchi tatu na nusu, hivyo kipande kimoja kikabaki na WEMA HAU na kingine na OZI. Akaviangalia, akacheka mpaka akalia, nasi tukalia naye.

Jumapili, kabla ya kupakia mizigo garini, alikuwa ameunga fungu lake la kwanza, na WEMA HAU ikakaa katikati. Kile cha pili hakikupata mahali usoni. Bibi yule alimweleza kwamba mshonaji huweka kibandiko kidogo cha kitambaa mgongoni mwa blanketi, kwenye kona, akiandika jina lake na mwaka, basi dada yetu akachukua kile chenye OZI, akakunja kingo zake nne, akakipiga pasi, na chini yake akaandika kwa kalamu jina la mama yake.