Mwanga wa koroboi

Jana jioni umeme ulikatika mtaani kwetu nikiwa nanunua samaki kwa mama wa pale kona. Akawasha koroboi, akaiweka kando ya karai. Ile harufu ya mafuta ya taa iliponifika puani nikawa nipo Tabora, mwaka 2011, nimesimama upande wa Jamhuri, yaani wa mashtaka, mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufani.

Jalada lenyewe nililisoma gesti hadi alfajiri. Unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka 30 jela. Mama mwenye duka alikatwa panga mkononi, akasema amemtambua kijana mmoja kwa mwanga wa koroboi. Ushahidi wote ndio huo. Hakuna aliyemuuliza koroboi ilikuwa kaunta au sakafuni, wala kijana alisimama hatua ngapi. Tangu kesi ya mtu aliyeitwa Waziri Amani, ya mwaka 1980, maswali hayo tunayajua sote: umbali, muda, mwanga, kama mlifahamiana kabla. Kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu mno, haumfungi mtu mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa.

Asubuhi nikampigia simu mkubwa wangu. "Jalada umelisoma wewe," akasema. "Kasimamie unachokiamini."

Mrufani hakuwa na wakili. Alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema anavyosema karibu kila mfungwa anayejitetea: sababu zangu zipokelewe, Jamhuri waanze, nitajibu baadaye. Nikasimama. Mikono ilikuwa baridi, na Tabora ile ya Oktoba, joto tupu.

"Waheshimiwa Majaji, Jamhuri inaunga mkono rufaa hii."

Yule kijana hakuelewa. Alimgeukia askari magereza, kisha akanitazama mimi, kisha karatasi yake. Jaji akamuuliza taratibu, "Umesikia alichosema wakili? Una la kuongeza?" Akafungua karatasi, akaikunja tena.

"Kama ndivyo alivyosema, sina, Mheshimiwa."

Nje, chini ya mwembe, mama mwenye duka alikuwa ananisubiri. Alitoka Nzega na basi la alfajiri. Kovu lilianzia kiganjani likapanda hadi karibu na kiwiko.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilijua wewe ndiye wakili wangu."

Jibu la kisheria nililijua. Nilishindwa kulitamka. Nikamshika ule mkono wenye kovu, nikasema, "Pole sana, mama." Akaitikia, "Asante," akaenda kutafuta basi la kurudi.

Mengine yalikwenda mbio. Uandamizi, masomo, kisha mwaka 2018 ofisi zikagawanywa: mashtaka yakabaki kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, mimi nikapelekwa ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, kwenye madai na usuluhishi. Wiki iliyopita nimepewa barua ya kupanda cheo hapo ofisini kuwa Wakili wa Serikali Mkuu. Watu wananipongeza, nami nashukuru kwa dhati. Ila majalada yanayonifikia sasa yana notisi ya siku 90 ya kusudio la kuishtaki Serikali juu yake, mikataba ndani, na ni nadra nimwone mtu mwenyewe.

Samaki wangu walipokwisha kufungwa nikarudi nyuma hatua tano, sita, nikamtazama yule mama usoni kwa mwanga wa koroboi yake.

"Vipi, dada, chenji haijatimia?"

Nilimtambua. Lakini huyu namfahamu mwaka wa nane sasa.