Beseni la Metroni

Juzi binti yangu kaniuliza huku akitafuta soksi gizani: "Mama, mbona usiku kila kitu huonekana kimeharibika, halafu mchana sikioni hata kilichoniliza?" Basi la shule likapiga honi, akatoka mbio. Mimi mawazo yakanipeleka Jinja, Uganda, bwenini, Senior Four, yaani kidato cha nne.

Wengi tulikuwa watoto wa wanajeshi, kwa hiyo umbea wa usiku ulikuwa wa Kiswahili. Prepu ya usiku, muda wa kujisomea, iliisha saa nne, ya alfajiri ilianza saa kumi na moja. Hapo katikati wenye bidii hatukulala: unachota maji baridi kwenye beseni, unatumbukiza miguu, usingizi ukikujia unashtuka.

Usiku mmoja nimekaa bafuni, ambako taa haikuzimwa. Maji yamefika kwenye vifundo, vidole vimekunjamana kama vya mzee. Logarithimu hazisomeki, kumbe ni machozi. Hesabu nimepata 34. Nikifeli hesabu, nimefeli UNEB, mtihani wa taifa. Nikifeli UNEB, baba ataninyamazia. Akininyamazia, nyumbani sina pa kukaa. Kufika saa nane nilikuwa nimeshajizika.

Metroni akaingia na tochi, leso begani. Akatazama daftari, akatazama miguu.

"Wewe mtoto, nani kafa?"

"Hakuna, Metroni."

"Basi lete beseni langu. Nalitafuta tangu jana."

Akamwaga maji, akanikokota hadi chumba cha wagonjwa, akamwambia nesi nina malaria.

Niliamka posho, yaani ugali, na maharage yakipakuliwa. Alama zilikuwa zile zile, ila sasa zilikuwa 34 tu, si msiba. Jioni nikamwomba mwalimu anirudishe mwanzo wa logarithimu.

Siku hizi nasoma kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na kwamba akibalehe, melatonini, homoni ya usingizi, huchelewa kutoka; ukimwambia alale saa tatu, atakodolea dari macho. Akikosa usingizi, sehemu ya ubongo inayowasha hofu huchachamaa na ile ya kuituliza hulegea, ndipo wazo moja linapozunguka kichwani hadi kukuche. Metroni hakuyasoma hayo. Au alitaka beseni lake tu, sijui.

Binti sijamjibu bado. Jumamosi kuna kikao cha wazazi shuleni kwao. Ajenda ya tatu ni kuanza masomo ya alfajiri mapema zaidi.